Kabla dirisha la maoni halijafungwa
Wenzangu wa ustawi wa jamii, muswada wa sheria unaogusa wateja wetu ukitoka, usiishie kuusambaza kwenye magrupu. Angalia kwanza siku ya mwisho ya kupokea maoni, kisha pitia mafaili yako utafute kisa kimoja tu, mfano bibi anayelea wajukuu, kanyimwa msaada kwa sababu fomu inadai saini ya mzazi. Kiandike kwa aya moja, taja kifungu kinachomkwamisha na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Hapo kwenye kupendekeza maneno ndipo wengi tunakwama, tunaishia kulalamika tu. Ondoa jina, mtaa, hata umri kamili (nao humfichua mtu). Ukishatuma, nakala itunze, na uliulize baraza lako la taaluma kama kazi hiyo inahesabika kwenye pointi za mafunzo endelevu (ya kujiendeleza kazini).