Iceland kwa gari la kukodi: bima kubwa hailipi upepo

Mlango mmoja wa gari ulinigharimu krona 380,000 za Iceland, fedha zilizozidi mshahara wangu wa mwezi mzima baada ya kodi, na uliharibika katika muda usiofika sekunde tatu. Ninawaandikia ndugu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku kaskazini mwa Ulaya, hasa wanaotaka kuwatembeza Iceland wageni wao kutoka nyumbani, kwa sababu mtego ulioninasa hauna kificho chochote: umeandikwa ndani ya mkataba ambao mimi mwenyewe niliutia saini.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Nilikuwa na mwenzangu na shangazi yangu aliyekuja Uswidi kututembelea kutoka Tanga, pamoja na binti yake. Tulichukua gari uwanja wa ndege wa Keflavík, na kijana wa mapokezi akaniuliza kama ningependa kuongeza kinga nyingine. Nilimjibu kwamba nimekwisha kununua bima kamili kwenye mtandao. Kichwani mwangu nilikuwa na hesabu ya nyumbani, ambako bima ndogo humlipa yule uliyemgonga na bima kubwa hulipa kila kitu. Siku ya pili tukasimama karibu na maporomoko ya Skógafoss, chini ya milima ya Eyjafjöll, upepo ukitupiga kwa nyuma. Binamu yangu alifungua mlango kama anavyofungua mlango popote pale, upepo ukamnyang'anya mkononi, ukaukunja hadi ukagonga ubavu wa mbele wa gari, na bawaba zikapinda. Hakuumia, namshukuru Mungu. Mlango haukufunga tena, nasi tukaendelea na safari tukiwa tumeufunga kwa kamba.

Kampuni ilinitumia picha za bawaba pamoja na kifungu cha mkataba kinachosema kwamba madhara ya upepo kwenye milango hayamo ndani ya bima. Niliandika barua tatu. Nilieleza kuwa sikuendesha vibaya, kwamba hali ya hewa ni kazi ya Mungu, na kwamba mteja hawezi kuuzuia upepo. Kila mara walijibu kwa adabu, na kila mara jibu lilikuwa kile kifungu. Fedha zilikatwa kwenye kadi yangu, ile ile niliyoiacha kama dhamana.

Kwa hiyo soma mkataba kwa kutafuta vitu vinavyoachwa nje, wala usihangaike na jina la bima, liwe kamili, kubwa au la dhahabu. Kwa kawaida utakuta kwamba milango iliyopinduliwa na upepo haimo, uvungu wa gari haumo, matairi na kioo cha mbele yana masharti yake, na maji yaliyoingia kwenye injini wakati wa kuvuka mto hayalipwi kabisa. Mchanga na majivu ya volkeno huuzwa kama kinga ya pembeni, na hiyo si anasa kwa anayepita Mýrdalssandur au Skeiðarársandur, kwa sababu kwenye tambarare hizo za mchanga mweusi dhoruba moja inaweza kukwangua rangi ya gari lote. Lakini kinga ya mchanga si kinga ya mlango. Ninarudia: usidhani kwamba ukilipia mchanga umelipia na upepo. Muulize mhudumu kwa maneno haya haya, kwamba upepo ukivunja mlango nitalipa kiasi gani, naye akuoneshe jibu kwenye karatasi, kwa kuwa neno la mdomo halitakusaidia baadaye.

Kabla ya kuzima injini, geuza pua ya gari ielekee upepo unakotoka, ili upepo uusukume mlango kujifunga badala ya kuupindua. Fungua mlango mmoja tu kwa wakati mmoja, na anayeufungua aushike kwa mikono miwili, kwanza kwa ufa mdogo wa kupima nguvu ya upepo. Watoto na wazee wasifungue kabisa. Dereva ashuke na kuwafungulia kwa nje. Huko upepo hutangazwa kwa meta kwa sekunde, kipimo kinachowadanganya watu wetu kwa kuwa namba zake ni ndogo: meta 20 kwa sekunde ni kilometa 72 kwa saa, na siku ile kibao cha taa kando ya barabara kilionesha 19, na dharuba, yaani mipigo ya ghafla ya upepo, za 31. Niliiona 19 nikaona si kitu. Namba ya kuiogopa ni ile ya dharuba.

Hapa nina neno la upole kwa ndugu zetu wanaotutembelea. Shangazi, Mungu amweke, aliniambia asubuhi ile kwamba Ulaya yote ni lami na kwamba kuahirisha safari kwa ajili ya upepo ni kudeka. Wapo wanaotutumia matangazo ya vigari vya bei ya chini kabisa na kutuuliza kwa nini tunalipa mara mbili, na wapo wanaotaka kupokezana usukani kwa kuwa wamezoea njia ya Segera hadi Chalinze. Tunawaheshimu, lakini asiyeandikwa jina kwenye mkataba akigusa usukani, bima yote inaweza kuanguka, na huko magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu. Mwenyeji ndiye atakayelipa, kwa hiyo mwenyeji ndiye aseme hapana, na aiseme mapema, kabla watu hawajapanda garini.

Nimeishi Skandinavia miaka 11, na naona kuwa jamii za huku hazikukatazi sana. Hukuandikia, kisha hukuachia. Kwetu askari wa barabarani angetusimamisha na kutuambia kuwa mbele hakupitiki, na mwenye gari angesikiliza maelezo yetu, pengine tukaelewana nusu kwa nusu. Huku onyo limo kwenye tovuti, kwenye kibao na kwenye mkataba, na asiyelisoma huhesabiwa kuwa amechagua. Sipendi ugumu huo, maana mgeni hawezi kujua lipi ni zito kati ya kurasa kumi na mbili. Hata hivyo siwezi kuwaita watu wa Iceland wagumu wa moyo, kwa sababu vikosi vyao vya uokoaji, chini ya Slysavarnafélagið Landsbjörg, ni vya watu wa kujitolea wanaoacha kazi na familia zao kumfuata mgeni aliyekwama kwenye theluji, na sehemu kubwa ya fedha zao hutokana na kuuza fataki za mwaka mpya. Maisha yakiwa hatarini piga 112, wala usichelewe kwa kuogopa ankara.

Mengine ni ya kawaida. Iceland imo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo kagua tarehe za viza ya mgeni wako. Beba kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana, na ujue namba yake ya siri, kwa kuwa vituo vingi vya mafuta havina mhudumu. Mwendo wa juu ni kilometa 90 kwenye lami, 80 kwenye changarawe na 50 mjini, na taa huwashwa saa zote. Kila asubuhi fungua umferdin.is kwa hali ya barabara, vedur.is kwa hali ya hewa na safetravel.is kwa maonyo. Kibao cha Einbreið brú maana yake ni daraja la njia moja, ambako aliye karibu zaidi hutangulia. Kiangazi kondoo hutembea huru barabarani.

Barabara Namba 1, inayozunguka nchi kwa takriban kilometa 1,320, gari dogo huimudu kiangazi. Barabara zenye herufi F, za milimani, ni za magari ya magurudumu manne peke yake, hufungwa majira ya baridi, na nyingi hufunguliwa Juni au Julai. Zina mito isiyo na madaraja, na nimekwisha kusema kwamba maji hayalipwi. Kutoka nje ya barabara kwa gari na kukanyaga mimea ya ardhini na nyasi ni kosa la jinai lenye faini kubwa, kwani jeraha la tairi kwenye ardhi ile hukaa miaka mingi.

Siku ya kurudisha gari usitupe funguo kwenye kisanduku usiku ukakimbilia ndege. Fika mchana, simama na mhudumu, fungua na kufunga kila mlango mbele yake, piga video ya bawaba zote, kisha omba karatasi iliyosainiwa. Mimi nilidaiwa siku 16 baada ya kufika nyumbani, kwa hiyo itunze video hiyo miezi mitatu.