Boksi la breka la chuma nalo huungua: namna ya kulikagua

Tangu 1 Januari 2016, kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zinataka boksi la breka linalofungwa nyumbani liwe la kitu kisichoshika moto, kwa kawaida chuma, au liwekwe ndani ya kabati la namna hiyo. Kikosi cha Zimamoto cha London kilikuwa kimeona maboksi ya plastiki yakiungua kupita kiasi. Ndiyo maana jamaa niliyemkagulia la kwake juzi alinipokea kwa maneno haya: "La kwangu chuma fundi, lina wasiwasi gani?" Nilipotoa kifuniko, ganda la waya wa shawa ya umeme lilikuwa limegeuka kahawia na kuanza kupasuka pale linapoingia kwenye breka. Chuma huzuia moto usitoke haraka. Joto lenyewe linaanzia kwenye skrubu iliyolegea.

Mwongozo huu ni kwa mafundi. Mwenye nyumba asiye fundi aishie hatua ya 1.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa

Nusa: plastiki inayoungua ina harufu kama ya samaki. Sikiliza kama kuna mlio wa kuchachatika. Angalia madoa ya kahawia karibu na swichi kuu. Ondoa makoti na maboksi ya viatu yaliyorundikwa chini ya ngazi, maana huko ndiko maboksi mengi yalikofichwa na huko ndiko watu hupita wakikimbia moto. Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, kila miezi 6.

Boksi la plastiki lililofungwa kabla ya kanuni hiyo si lazima ling'olewe kwa sababu ya plastiki peke yake. Likiwa na dalili za joto, hilo ni jambo jingine.

Hatua ya 2: Zima, hakikisha umeme umekatika

Swichi kuu ikizimwa, nyaya mbili nene zinazotoka kwenye mita bado zina umeme mpaka kwenye swichi hiyo. Hizo hazikazwi mpaka umeme ukatwe kabla yake. Kama hakuna swichi ya kutenganisha kati ya mita na boksi, iombe kwa kampuni ya umeme, usivunje lakiri ya fyuzi yao kuu. Pima kwa kipima volti cha ncha mbili, na ukijaribishe kwenye umeme unaojulikana kabla na baada ya kupima. Testa ya kalamu iache nyumbani. Simwamini fundi anayeitegemea.

Hatua ya 3: Kukaza

Wengi hupita hapa kwa haraka, na hapa ndipo nyumba zinapoungulia. Chukua breka ya ampea 32 yenye mzigo wa ampea 30. Kiungio kikilegea kikawa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kinatoa wati 90 za joto ndani ya boksi lililofungwa. Breka haioni kitu, kwa kuwa ampea hazijazidi. RCD nayo haioni, kwa kuwa hakuna umeme unaovuja. Kinakaa hivyo kikipika.

Kwa hiyo:

Tumia bisibisi ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Namba iko kwenye karatasi ya mtengenezaji au ubavuni mwa breka. Mara nyingi ni kati ya nyutoni mita 2 na 3.5, ila fuata ya boksi lako. Kuna mafundi wanaojivunia mkono uliozoea, na ndio hao hao wanaokata nyuzi za shaba kwa kukaza kupita kiasi.

Kabla ya kukaza, chungulia kwa tochi. Meno ya basiba, ukanda wa shaba unaogawa umeme kwa breka, huweza kupita nyuma ya kibanio badala ya kuingia ndani yake. Skrubu inakaza vizuri kabisa, na hakuna kilichobanwa. Waya nao hufanya hivyo hivyo. Ukishakaza, vuta kila waya kwa mkono. Angalia pia kama kibanio kimeuma ganda badala ya shaba.

Nyaya nene za nyuzi nyingi hulala zikibanwa: kaza, zitikise kidogo, rudia kwa toki ile ile. Usisahau nyutro, waya wa kurudisha umeme: nimeona nyutro nyingi zilizoungua kuliko laivu, waya wa kuuleta, kwa sababu kila mtu anakazania upande wa breka.

Waya uliobadilika rangi kata mpaka ufikie shaba inayong'aa. Breka iliyopata joto ni ya kutupa. Na breka za kampuni nyingine usizichomeke humo hata kama zinaingia: boksi hujaribiwa likiwa na vifaa vya mtengenezaji wake.

Hatua ya 4: Mashimo

Juu ya boksi pasiwe na tundu la kupitisha waya wa milimita 1. Pembeni pasiwe na tundu la kuingiza kidole. Kingo za chuma zivikwe mpira zisichane ganda. Laivu na nyutro zenye waya mmoja mmoja zipite shimo moja, la sivyo chuma cha katikati kitapata joto. Nafasi isiyo na breka hufungwa kwa kizibo chake, si kwa selotepu.

Hatua ya 5: Rudisha, pima, andika

Kifuniko, vipimo vya kawaida, cheti. Ukibadilisha boksi zima huko England, kazi lazima itolewe taarifa kwa idara ya ujenzi au kupitia mpango wa mafundi waliosajiliwa. Mwenye nyumba asikulipe mpaka ajue ni nani kati yenu anayepeleka taarifa hiyo.