Kumtafutia Mraibu wa Heroini Matibabu Ukiwa Kijijini Mtwara au Lindi

Mwambao wa kusini uko kwenye njia ambayo heroini kutoka Afghanistan hupitishwa kwa majahazi katika Bahari ya Hindi, na Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za dawa hiyo zilikamatwa mkoani Lindi. Unga, kama heroini inavyoitwa mitaani, unapopita mahali, kiasi fulani hubaki. Mzazi wa Newala, Liwale au Mangaka anayegundua kwamba mwanawe anavuta au kujidunga huanza kujiuliza aanzie wapi, ilhali kliniki za methadoni, dawa inayotibu uraibu wa heroini, zimejengwa zaidi katika miji mikubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa mraibu mwenyewe anayetaka kutoka.

Msimfungie ndani

Familia nyingi huanza kwa kumfungia mgonjwa chumbani, wakiamini kwamba akivumilia siku chache atakuwa amepona. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, kwa kawaida ndani ya siku moja, hufikia ukali wake siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki moja hivi. Mgonjwa hutoka jasho na makamasi, hutapika, huharisha, mifupa humuuma na usingizi humkimbia. Kwa mtu mwenye afya arosto yenyewe si kawaida kuua, lakini kutapika na kuharisha kunaweza kumkausha maji mwilini hadi ahatarishe maisha. Mjamzito akiachishwa ghafla anaweza kupoteza mimba, na anayetumia pia pombe nyingi au valiamu anaweza kupata degedege akikatishwa vyote kwa pamoja.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye, na ndiyo ambayo familia hazielezwi. Mwili uliokaa siku kadhaa bila heroini husahau haraka kuistahimili, ilhali tamaa hubaki pale pale. Mgonjwa akitoka chumbani, gerezani au hata hospitalini, akarudi kijiweni na kutumia kiasi kilekile alichokizoea zamani, kiasi hicho kinaweza kumuua usiku huohuo. Kwa sababu hiyo, kumsafisha mtu bila kumwandalia matibabu yanayoendelea kunaweza kumweka katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla.

Mazungumzo ya nyumbani

Kabla ya kwenda popote, mgonjwa mwenyewe anapaswa kukubali. Zungumza naye akiwa ametulia, si akiwa na arosto wala akiwa amelewa, na usimzungumzie mbele ya watu waliokuja kumshangaa. Kwa koo za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, neno la mjomba mtu mara nyingi lina uzito kuliko la baba, kwa hiyo ni busara kumshirikisha mapema, mradi naye ameelezwa kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo unaotibika na kwamba viboko havijawahi kuuponya. Sala, maombi na dua zina nafasi yake nyumbani, na sioni sababu ya kuzigombanisha na hospitali. Dawa za kienyeji za kumtapisha au kumharisha mtu aliye katika arosto ni jambo jingine, nazo ziepukwe kabisa.

Zahanati, kisha hospitali

Zahanati ya kijiji haina methadoni, lakini ndiyo inayofungua njia. Mganga mfawidhi anaweza kumpa mgonjwa dawa za kupunguza maumivu, kutapika na kuharisha, pamoja na chumvichumvi za kurudisha maji, kisha akamwandikia barua ya rufaa. Mweleze ukweli wote: anachotumia, kwa njia gani, tangu lini, na kama anachanganya na pombe au vidonge. Ni wajibu wa mhudumu wa afya kutunza siri ya mgonjwa. Ikiwa unaona aibu kwa sababu mhudumu ni jirani yenu, nenda kituo cha afya cha kata nyingine au hospitali ya wilaya moja kwa moja.

Kwa upande wa Mtwara, rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na kwa upande wa Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zinaweza kuwa karibu zaidi kwa watu wa Masasi na Mtama. Ukifika, uliza huduma ya afya ya akili na umwone afisa ustawi wa jamii. Watu wengi humpita afisa huyo bila kujua kwamba ndiye anayeweza kushughulikia msamaha wa gharama kwa asiyejiweza.

Ikiwa tatizo la mgonjwa wako ni vidonge vya tramadoli, dawa kali ya maumivu, na si unga, huenda asihitaji kusafiri mbali, kwa kuwa mara nyingi daktari anaweza kumpunguzia dozi taratibu. Hata hivyo asiache ghafla kwa nguvu zake mwenyewe, na asiongeze idadi ya vidonge, kwa sababu tramadoli nyingi huleta degedege.

Piga 119 kabla ya kukata tiketi

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapatikana kwa namba 119 bila malipo. Wengi huijua namba hiyo kama ya kutoa taarifa za wauzaji, lakini unaweza kuitumia kuulizia tiba. Uliza ni kliniki ipi ya methadoni iliyo karibu nawe ambayo inapokea wagonjwa wapya, mgonjwa aende na nyaraka gani, kama lazima afikishwe na asasi inayofanya kazi na waraibu, na ni nyumba zipi za upataji nafuu zinazotambuliwa na Mamlaka. Andika majibu kwenye karatasi. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ni fedha nyingi kwa mkulima, na inauma kuipoteza kwa sababu ya swali ambalo lingejibiwa kwa simu.

Tiba ya methadoni ilianza nchini Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine kadhaa. Ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na katika kliniki za serikali hutolewa bure. Huondoa arosto na kupunguza tamaa bila kumlewesha mtu aliyepewa kipimo kinachomfaa.

Ugumu kwa mtu wa kijijini uko katika maneno yale, mara moja kwa siku. Dawa inanywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo kusafiri kwenda na kurudi hakuwezekani. Mgonjwa lazima ahamie karibu na kliniki. Kabla hajaondoka, familia ikubaliane atalala kwa nani, nani atalipia chakula na nauli ya daladala ya kila siku, na ikiwezekana atafanya kazi gani baada ya kutulia. Ndugu atakayempokea aambiwe ukweli wote, kwa sababu akidanganywa kwamba kijana amekuja kutafuta kazi, siku atakayogundua ndiyo siku atakayomfukuza. Baadhi ya kliniki huwaruhusu wagonjwa waliotulia kuondoka na dozi za siku kadhaa. Ulizia utaratibu huo mapema, ingawa hautolewi mwanzoni.

Safari yenyewe iandaliwe pia. Basi linaloondoka alfajiri humkuta mgonjwa akiwa na saa kadhaa tangu dozi yake ya mwisho, na kabla ya kufika arosto itakuwa imempata njiani. Asisafiri peke yake. Beba maji ya kutosha, chumvichumvi na dawa alizopewa zahanati, na mfahamishe kondakta kwamba mnaye mgonjwa.

Nyumba za upataji nafuu

Nyumba hizi, ambazo wengi huziita soba, huwasaidia watu wanaotaka kuishi bila dawa yoyote, na nyingi hutoza ada ya kila mwezi. Nenda ukaione kabla ya kulipa. Uliza ni nani anayetoa matibabu mgonjwa akizidiwa, ndugu wanaruhusiwa kumwona lini, na anayetaka kuondoka anafanywaje. Mahali panapowafunga watu minyororo au kuwapiga si pa kumpeleka mtu unayempenda, hata ada ikiwa ndogo. Kumbuka pia kwamba anayetoka soba ameshapoteza ustahimilivu kama nilivyoeleza hapo juu.

Baada ya kuanza dawa

Kliniki huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole, kwa hiyo wiki za mwanzo mgonjwa bado atahisi arosto kiasi. Akijiongezea unga, pombe au valiamu juu ya methadoni anaweza kuacha kupumua. Awaeleze wahudumu dawa nyingine zote anazomeza, hasa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu rifampisini na baadhi ya dawa za kufubaza hupunguza nguvu ya methadoni na kipimo hulazimika kuongezwa. Mjamzito hahitaji kuacha methadoni. Ajifungulie hospitalini, ambako mtoto atafuatiliwa.

Ukimkuta mtu haamki, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, amezidisha dozi. Mwite kwa sauti na umtikise. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni. Akiwa anapumua, mlaze ubavu. Mkimbizeni hospitali, ambako anaweza kudungwa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, na akizinduka msimwache peke yake, kwa maana naloksoni huisha nguvu mapema na heroini inaweza kumrudisha chini tena.

Mgonjwa aliyetulia atataka kurudi nyumbani kusalimia, na wengi huomba ruhusa msimu wa korosho. Apange safari hiyo na kliniki kwanza ili asikatishe dawa. Malipo yanapoingia baada ya mnada, fedha nyingi mkononi na rafiki wa zamani barabarani ni majaribu makubwa kwa mtu aliyeanza kupona, hivyo mkubaliane naye mapema, kwa hiari yake, kwamba fungu lake litatunzwa na mama au dada anayemwamini, naye apewe kidogo kidogo kwa mahitaji aliyoyataja mwenyewe.