Kuchagua stendi ya kutengenezea pikipiki nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Malindi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani wa hapa Muyeye ambaye alikuwa karibu kununua meza ya haidroliki ya kuinulia pikipiki, ilhali kazi alizokusudia kuzifanya nyumbani zilikuwa ni kukaza cheni, kubadilisha oili na kutoa magurudumu. Kwa mwenye Boxer, TVS au pikipiki nyingine ya cc 100 hadi 150, uzito si jambo la kumtia wasiwasi, kwa kuwa nyingi kati ya pikipiki hizi zina kilo 110 hadi 130 hivi, na karibu kila kifaa kinachouzwa madukani kinaweza kuubeba mzigo huo. Linalostahili kuangaliwa ni iwapo pikipiki itatulia pale juu wakati unapoivuta, unapoisukuma na unapoigonga, na hilo hutegemea kazi yenyewe na ardhi unayoifanyia kuliko bei ya stendi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zako kabla ya kwenda dukani

Ikiwa kazi zako ni kukaza na kupaka cheni mafuta, kubadilisha oili, kurekebisha breki na kutoa gurudumu la nyuma, stendi ya kati iliyokuja na pikipiki inatosha, na fedha zako ni afadhali uzitumie kununua seti nzuri ya spana. Stendi ya kati huisimamisha pikipiki wima, jambo ambalo ni la lazima unapopima oili, kwa maana pikipiki iliyoegemea stendi ya pembeni huipeleka oili upande mmoja na kijiti cha kupimia kikakudanganya. Waendeshaji wengi wa bodaboda huing'oa stendi ya kati pindi bushi zake zinapolegea na kuanza kupiga kelele. Kuirudisha pamoja na pini na springi mpya ni rahisi kuliko kununua kifaa kingine chochote kitakachotajwa hapa chini.

Utahitaji kitu cha ziada ikiwa unataka kutoa gurudumu la mbele, kubadilisha sili za foku (ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) au kugusa beringi za usukani, au ikiwa pikipiki yako ni ya njia za vumbi, kama vile Honda XR, ambayo haina stendi ya kati tangu kiwandani.

Hatua ya 2: Chungulia chini ya injini

Lala chini utazame. Kama mabomba ya fremu yanapita chini ya injini, moja kila upande, hapo ndipo mahali pa kuegemeza jeki au kigogo. Kama fremu inaishia mbele na nyuma ya injini, na injini yenyewe imening'inia katikati, basi chochote utakachoweka chini yake kitabanwa na bakuli la oili, na jeki yenye kichwa chembamba yaweza kulipasua. Tazama pia ekzosi inapita wapi, kwa kuwa bomba lake halikuundwa kubeba uzito. Ukiona hakuna mahali pagumu na bapa chini ya injini, achana kabisa na wazo la jeki, ufikirie stendi ya kuinulia nyuma.

Hatua ya 3: Ipime ardhi yako

Nyumba nyingi za Malindi zina ua wa mchanga. Stendi iliyotengenezwa kwa sakafu ya zege huzama mchangani, na mara nyingi mguu mmoja huzama kabla ya mwingine, kwa hiyo pikipiki hulala pole pole upande huo huku wewe umeinama unatafuta nati iliyodondoka. Kama una baraza la saruji, fanyia kazi hapo. Kama huna, tafuta kipande cha plaiwudi nene au mbao mbili nene zilizopigiliwa pamoja, kiwe kipana kiasi cha kubeba stendi pamoja na gurudumu linalobaki chini. Kuweka kibao chini ya stendi peke yake huku gurudumu likiwa mchangani hakufai, kwa sababu upande mmoja utashuka na mwingine utabaki ulipo. Mwagia mchanga maji kidogo na uushindilie kabla ya kulaza ubao.

Mawe ya kujengea ya matumbawe, ambayo hayakosekani katika kona ya ua wowote hapa, ni mazuri kwa kuta lakini si kwa kuegemeza pikipiki. Huliwa kingo na kumeguka ghafla yanapobanwa na kitu chembamba cha chuma.

Hatua ya 4: Chagua aina

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni sanduku la mbao: kigogo kipana chini na chembamba juu, chenye mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa kichwani, kilichokatwa kwa urefu unaoliacha gurudumu likiwa juu ya ardhi kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Seremala yeyote ataliunda kwa asubuhi moja. Ukitumia mbao za mnazi, mwambie atumie sehemu ya nje ya shina, kwa maana ya ndani ni laini na hubonyea. Sanduku halina valvu ya kuvuja, halina springi, wala haliogopi hewa ya chumvi.

Stendi ya kuinulia nyuma, ile yenye mpini mrefu na vigurudumu viwili, ndiyo ya pili kwa ubora, hasa kwa pikipiki isiyo na stendi ya kati. Zinazouzwa tayari nyingi zimeundwa kwa pikipiki kubwa zenye matundu ya kufungia bobini (vishikio vidogo ambavyo stendi huvikamata) kwenye swingamu, yaani ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Swingamu za pikipiki zetu ndogo kwa kawaida hazina matundu hayo, kwa hiyo chagua yenye viganja bapa vilivyovikwa mpira. Kabla ya kulipa, tazama viganja vitagusa nini: upande wa kulia kuna fimbo ya breki na mkono unaozuia kibamba cha breki kisizunguke, na upande wa kushoto kuna kifuniko cha cheni. Kiganja kikiibana fimbo ya breki badala ya swingamu, utaipinda.

Jeki ya mkasi yenye meza pana inafaa kwa pikipiki yenye mabomba chini ya injini, alimradi iwe juu ya zege. Jeki ya chupa ya gari siipendekezi hata kidogo. Kichwa chake ni kidogo mno na tako lake ni jembamba. Meza ya haidroliki ni ya karakana, na hata huko fundi mwangalifu hategemei mafuta ya haidroliki kushikilia mzigo, bali huingiza pini ya chuma ya kufungia. Kwa hewa ya hapa pwani, pistoni yake iliyoachwa wazi nje huanza kuota madoa ya kutu, kisha kutu ikaikwangua sili.

Kuning'iniza pikipiki kwa kamba kwenye boriti za paa la makuti sikushauri. Boriti hizo zilihesabiwa kwa makuti.

Hatua ya 5: Ukimpa fundi wa kuchomelea kazi

Pima pikipiki ikiwa imesimama chini katika hali yake ya kawaida, si hewani. Tairi la 3.00-17 lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 29, kwa hiyo ekseli iko kimo hicho kutoka ardhini, na upande wa chini wa swingamu uko chini yake kidogo. Stendi ikisimama inapaswa kulinyanyua gurudumu sentimita 4 au 5 tu, kwani kila sentimita ya ziada huifanya pikipiki iwe nyepesi kuanguka.

Mwambie fundi azibe ncha zote za bomba kwa bamba, ama aziache wazi kabisa ili zikauke. Bomba lililozibwa nusu hukusanya unyevu wa chumvi na kuoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Kama ametumia bomba la mabati, akwangue zinki sehemu ya kuchomelea kwanza, kwa kuwa moshi wake humletea mtu homa na kifua kubana. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Vigurudumu viwe vya nailoni.

Hatua ya 6: Kuinua na kuzuia isiondoke

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima na wakati mwingine vioo na leva ya klachi, kwa hiyo naomba usome taratibu.

Nati kubwa zote, za ekseli na za foku, zilegeze wakati magurudumu yote mawili yangali chini. Nguvu ya kulegeza nati iliyoshika kutu ndiyo nguvu hasa inayoiangusha pikipiki kutoka kwenye stendi. Funga bomba la petroli, na kama tenki limejaa na unataka kuinua mbele, punguza, kwa sababu lita 10 za petroli ni karibu kilo 7 na nusu zilizokaa juu kabisa ya pikipiki.

Wengi hudhani kuwa wakiitia pikipiki gia imeshikika. Gia hushika gurudumu la nyuma pekee, na gurudumu la nyuma likiwa hewani, gia haishiki chochote. Kinachoizuia ni gurudumu la mbele. Ukitumia stendi ya nyuma, weka kabari mbele ya gurudumu hilo, bonyeza mpini mpaka pikipiki ikae, kisha funga leva ya breki ya mbele kwa kipande cha mpira wa tyubu. Usiifunge breki kabla ya kuinua, kwa sababu pikipiki husogea kidogo inapopanda. Awepo mtu wa pili anayeshika keria.

Stendi ya kati ina tabia yake. Hukunjika kwa kurudi nyuma, yaani pikipiki inaposukumwa mbele, stendi hujikunja na kuiachia. Basi kila msukumo wa kwenda mbele ni hatari: kupiga kiki, kuvuta spana kuelekea usukani, hata kuegemea kiti. Gurudumu la mbele likiwa chini na breki imefungwa, hatari hiyo ni ndogo. Ukilitoa gurudumu hilo hakuna kinachoizuia tena, na ndiyo maana lazima uifunge stendi yenyewe. Chukua mkanda wa kufungia mizigo wenye klipu ya kukazia, uupitishe kwenye upau wa stendi, kisha uupeleke mbele hadi kwenye bomba la fremu lililo mbele ya injini na uukaze. Mwelekeo ndio wenye maana. Ukiufunga nyuma, kwenye keria au swingamu, unaisaidia stendi ikunjike. Mpira wa tyubu, ambao ni mzuri kwa leva ya breki, haufai hapa kwa sababu hunyumbuka, na sentimita chache za kunyumbuka zinatosha stendi kupita ukomo wake. Kama injini imetoka kuzimwa, pitisha mkanda mbali na ekzosi au ungoje ipoe, kwani nailoni ikigusa bomba la moto huyeyuka bila kutoa sauti.

Stendi ikishafungwa, inua mbele kwa kusukuma sanduku la mbao chini ya fremu huku mwenzako akikandamiza nyuma. Wapo wanaoweka mfuko wa mchanga kwenye keria ili mbele ipande yenyewe. Njia hiyo inafanya kazi mpaka mtu atakapouondoa mfuko, au mpaka utakapotoa foku na uzito kuhamia nyuma zaidi. Mfuko na uwe msaada, lakini sanduku liwepo chini. Kumbuka kwamba kutoa gurudumu la mbele huufanya upande wa nyuma uwe mzito, na kutoa la nyuma huufanya wa mbele uwe mzito. Usithubutu kutoa yote mawili juu ya stendi ya kati peke yake.

Kabla ya kutoa chochote, shika keria uitikise pikipiki kwa nguvu kulia na kushoto. Ikitikisika pamoja na stendi bila kusogea ardhini, endelea. Ukisikia mlio wa ubao au ukiona mguu mmoja umeinuka, shusha na uanze upya.

Hatua ya 7: Kushusha

Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mkono tu, toa sanduku, fungua mkanda, shusha pikipiki, kisha ndipo ukaze nati za ekseli hadi mwisho magurudumu yakiwa ardhini. Kandamiza foku mara kadhaa kabla ya kukaza klempu zake. Pampu breki ya mbele mpaka leva iwe ngumu, na ufungue ule mpira wa tyubu kabla ya kupanda.