Kuokoa kichekesho cha zamani kilichobaki kwenye kanda ya VHS

Kichekesho cha Kiswahili kilichouzwa kwa kanda kabla VCD hazijashika soko huenda kimebaki kwenye nakala chache tu za majumbani. Wachekeshaji wakongwe kama King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, bado wanakumbukwa. Lakini wasio na jina kubwa, waliocheza kondakta au mpangaji anayekwepa kodi, majina yao yamo humo humo kwenye utepe.

Anza kwa kuitazama kanda kupitia kidirisha chake, penye mwanga mkali. Unga mweupe kingoni mwa utepe ni ukungu, na joto la pwani pamoja na unyevu wake huulisha. Usiitie kwenye deki: ukungu hushika kwenye vichwa vinavyosoma utepe, kisha huingia kwenye kila kanda inayofuata. Itenge, iache mahali pakavu mpaka ukungu ukauke, halafu uifungulie nje ukiwa na barakoa na uupanguse utepe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi huku ukiuzungusha polepole. Kasha limevunjika? Fungua skrubu tano za chini na uhamishie roli zote mbili kwenye kasha zima. Utepe uliokatika usiuunge kwa selotepu ya kawaida, maana gundi yake huvuja.

Safisha deki kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kipande cha ngozi laini. Kishikilie kimetulia, uzungushe kwa mkono ngoma inayobeba vichwa. Ukisugua juu na chini utavunja vichwa. Pamba nayo huacha nyuzi. Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo, ili utepe ujikaze sawasawa.

Kifaa cha kunasia, kinachoingiza picha ya deki kwenye kompyuta, kiweke PAL, mfumo wa video uliotumika Afrika Mashariki, ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25. Picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka mara nyingi ni dalili kwamba umekiacha kwenye NTSC, mfumo wa Marekani. Nasa kwa FFV1 au HuffYUV, miundo inayobana video bila kupoteza ubora, na utenge takriban GB 30 hadi 40 kwa saa. Diski iliyoumbizwa kwa FAT32 itakukwamisha faili likifika GB 4. Tumia exFAT au NTFS.

Sauti ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Utani ukichelewa hata nusu sekunde baada ya mdomo, umekufa. Ishara ya kanda iliyochoka huyumba, kifaa cha bei rahisi kikaruka fremu, na kufikia dakika ya 40 sauti na midomo vimeachana. Dawa ni kuipitisha ishara kwenye kirekebisha-muda (TBC), kifaa kinachosawazisha mwendo wake, au kwenye baadhi ya rekoda za DVD za zamani zinazoituliza. Rekodi sauti kwa kHz 48, na mchujo wa makelele usiuzidishe. Ukiuzidisha utaondoa pia honi, wapita njia na vicheko vya nyuma.

Usikate matangazo ya mwanzo wala majina ya mwisho, hata yakiwa na mikwaruzo. Humo ndimo utakamompata mtayarishaji wa kumwomba ruhusa kabla ya kuiweka filamu hadharani.