SOMO: Kupiga hesabu ya hewa ukaa ya petroli ya kiwandani, kuanzia karakana yako mpaka mkoa mzima

Wakuu habari zenu. Hili ni kwa wenye mashine za kukamua alizeti, karakana na vikundi vya ujenzi hapa Dodoma na majirani zetu Singida. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza, kazi iko kwenye kujua lita ilienda wapi.

Hatua ya 1. Tenganisha mafuta. Petroli daftari lake, dizeli daftari lake. Huku kwetu mashine kubwa nyingi ni dizeli au umeme, petroli inaishia kwenye vijenereta, pampu za maji na vifaa vidogo vidogo, kwa hiyo usishtuke ukikuta ni kidogo.

Hatua ya 2. Andika lita, usiandike hela. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, sasa ukiandika "petroli laki moja" mwisho wa mwaka hutajua ni lita ngapi. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) ipige picha hapohapo sheli, maana ile karatasi ukiiacha kwenye dashibodi na jua letu hili, wiki mbili tu inageuka nyeupe pee, husomi kitu.

Hatua ya 3. Mabaki. Chukua ulichokuta mwanzo wa mwezi, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki kwenye madumu na matangi. Mfano ulikuta lita 60, ukanunua 180, zimebaki 40, umetumia 200.

Hatua ya 4. Zidisha kwa 2.3. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo 200 ni kilo 460. Dizeli ni kama 2.7, ndo maana nikasema daftari mbili.

Hatua ya 5. Mkoa. Hapa wengi wanachukua mauzo ya sheli zote wanazidisha wanasema ndo viwanda. Hapana jamani, petroli nyingi ya mkoa inaungua kwenye bodaboda na magari! Marekani shirika lao la takwimu za nishati, EIA, linatoa takwimu za kila jimbo, na wanagawa kwanza nani katumia, viwanda mbali, usafiri mbali. Na sisi tukusanye madaftari ya viwandani kwanza, mauzo ya sheli yabaki ya kulinganishia tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu lita ya petroli haifiki hata kilo, inatoaje kilo mbili na ushee?
Jibu: Uzito mwingine unatoka hewani. Kaboni ya uzito wa 12 inabeba oksijeni ya 32, jumla 44. Petroli ya lita moja ni kama gramu 740 na kama asilimia 86 yake ni kaboni, piga mwenyewe utaona.

Swali: Bodaboda ya kiwanda inajazwa dumu lilelile, naiweka wapi?
Jibu: Kwenye hesabu ya kampuni yako iweke, ni mafuta yako. Kwenye hesabu ya mkoa ipeleke usafiri. Kwa mfano wetu, kama pikipiki ilikunywa 70, kiwanda kinabaki na 130, yaani kilo 299.

Swali: Kaka mie nina pampu ya petroli kwenye zabibu huku Hombolo, ni kiwanda?
Jibu: Dada inategemea unafuata utaratibu wa nani. EIA wanaweka kilimo, ujenzi na migodi humohumo kwenye viwanda. Miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kilimo kina fungu lake. Chagua mmoja, usichanganye, la sivyo lita moja itahesabiwa mara mbili.

Swali: Petroli ya kuoshea vyuma je?
Jibu: Haijaungua hiyo, itoe kwenye lita kabla ya kuzidisha. Ila fundi anayeosha vyuma kwa petroli karibu na mashine ya kuchomelea, huyo mwambieni aache leo hii.

Swali: Kijijini tunanunua za chupa, risiti hamna.
Jibu: Pima chupa moja kwa kipimo cha lita ujue inabeba ngapi, halafu kila ukinunua unachora mstari kwenye daftari.