Nati, uzi na daftari kabla ya kwenda fildi

Wiki tatu kabla wanafunzi wangu wa fizikia hawajaondoka kwenda fildi kwenye taasisi za utafiti, kila mmoja nampa nati moja, uzi na daftari jipya. Nati nanunua soko la Sabasaba hapa Dodoma, ile pana yenye milimita 16 hivi. Kazi ni moja: bembeza nati, unipimie g ya chumba hiki, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia, kwa mita kwa sekunde mraba.

Kesho yake wengi wananiletea 9.81. Hapo najua kitabu kimenakiliwa. Dodoma tuko digrii 6 tu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na g ya huku ni karibu 9.78. Usiwacheke. Waambie wakokotoe kama kipimo chao kingeweza hata kuiona tofauti hiyo. Uzi wa mita 1 ukibembea mara 20 unatumia sekunde 40.2, na kati ya 9.78 na 9.81 kuna tofauti ya sekunde 0.06 tu. Kidole cha mtu kwenye saa ya simu kinachelewa kuliko hapo. Basi wahesabu mibembeo 100: sasa tofauti ni sekunde 0.3. Lakini ukiivuta nati digrii 10 badala ya 3 au 4, umeshaimeza tofauti hiyo yote, maana mbembeo mpana huchukua muda zaidi kidogo. Na feni izimwe, jamani.

Kijana mmoja alipata 9.70, akafuta kwa raba. Bahati nzuri alama ya penseli ilibaki. Tukakaa na rula, tukagundua alipima uzi hadi ukingo wa juu wa nati, siyo katikati yake. Milimita 8 zilizopotea ndizo zilizomshusha kutoka 9.78. Tangu siku hiyo ni kalamu ya wino tu. Ukikosea piga mstari mmoja, namba isomeke, andika pembeni kwa nini. Tarehe, saa, kifaa na aliyeshika simu viwepo.

Wanaokwenda kwenye vipimo vya mionzi nawaongezea hili: ukihesabu mapigo 100 ya kigunduzi, shaka ya kipimo ni 10 (kipeuo cha pili cha 100), yaani asilimia 10. Ukitaka asilimia 1, subiri yafike 10,000. Mtu asiyejua hili ataona mionzi "imepanda" kila baada ya dakika mbili.

Barua ya utambulisho, kadi ya bima, viatu vya kufunika vidole: wanajua wenyewe. Ila barua itaje kazi atakayofanya. Nina binti aliyemaliza nusu ya fildi yake akitoa fotokopi.

Linalonichosha kuliko yote ni adabu. Sote tunasema kuuliza si ujinga, lakini mbele ya msimamizi mtoto anaitikia "sawa, sawa" huku hajaelewa kitu. Kwa hiyo tunafanya mazoezi kwa sauti. Mimi nakuwa msimamizi, nachora grafu nimeondoa nukta mbili kimyakimya. Natulia. Mwaka huu ilichukua dakika nne nzima, ndipo mmoja akajikohoza:

"Shikamoo, Daktari. Samahani, zile nukta mbili za mwisho zimekwenda wapi?"

"Marahaba. Kaa hapa karibu, nikuonyeshe."

Mimi si Daktari, lakini huyo nilimwandikia barua jioni ileile.